Uwanja Mkubwa, Timu Ndogo
(Maneno yaliyosemwa mbele ya wanachama na wapenzi wa mpira, Mwazye, Ufipa)



Tumeombwa tuje kujibu swali moja, na swali lenyewe lilitoka kwa vijana wetu wa mpira. Walikwenda Sumbawanga kutazama mchezo wa ligi ya mkoa katika Uwanja wa Nelson Mandela. Waliporudi wakauliza: ule uwanja wenye ukuta na jukwaa ulijengewa nani, maana timu zilizocheza siku ile zilikuwa na watazamaji ambao wote wangeketi katika kivuli cha mti mmoja? Na swali la pili likaja nyuma ya lile la kwanza kama ndama nyuma ya mamaye: ikiwa Sumbawanga wana uwanja mkubwa bila timu kubwa, mbona sisi wa Mwazye tuna timu bila uwanja?

Wako waliocheka. Sisi hatukucheka. Mkutano mkuu wa kijiji utakaa hivi karibuni kuamua kama tutoe nguvu zetu na fedha zetu tutengeneze uwanja, na kama utatengenezwa, ukae katika ardhi ya nani. Watu wakiingia katika mkutano huo bila kujua viwanja vya nchi hii vilizaliwaje, watapiga kura gizani.

Basi tuanze na kosa moja linalofanywa na karibu kila mtu. Mtu akiuona uwanja na kuiona timu inacheza ndani yake, hudhani uwanja ni wa timu, kama jezi ilivyo ya mchezaji. Halafu akilinganisha ukubwa wa kimoja na udogo wa kingine anashangaa, kama ambavyo tungemshangaa mtoto aliyevaa koti la babu yake. Lakini hapa kwetu viwanja vikubwa vya mikoani havikukatwa kwa kipimo cha timu yoyote. Vilikatwa kwa kipimo cha mkoa.

Wazee mnakumbuka kwamba Mkoa wa Rukwa haukuwako tangu zamani. Ulizaliwa mwaka 1974, Sumbawanga ikitolewa katika Mkoa wa Mbeya na Mpanda ikitolewa katika Mkoa wa Tabora. (Mpanda nayo imekwisha kwenda zake, ikawa Mkoa wa Katavi mwaka 2012, mwaka ule ule ambao sisi tulipata Wilaya yetu ya Kalambo.) Sasa mji unapofanywa makao makuu ya mkoa hupewa mizigo mingi. Mkuu wa Mkoa lazima awe na nyumba, polisi lazima wawe na makao, hospitali lazima ikue. Na lazima pawe na mahali ambapo watu maelfu wanaweza kusimama pamoja na kumsikia mtu mmoja akisema. Mgeni wa Taifa akija, atawahutubia wapi? Mwenge ukifika, utapokewa wapi? Sikukuu ya wafanyakazi, gwaride la askari, halaiki ya watoto wa shule, ngoma za wilaya zote, haya yote yanahitaji uwanda uliozungushiwa ukuta na wenye jukwaa la wakubwa. Mpira wa miguu ulikaribishwa katika uwanja huo, tena kwa moyo mkunjufu, lakini haukuwa mwenye nyumba.

Tazameni hata huko Dar es Salaam. Uwanja wa Taifa wa zamani, ambao leo tunauita Uwanja wa Uhuru, ndio uliobeba sherehe za usiku ule wa kuamkia tarehe 9 Desemba 1961, bendera ya Mwingereza iliposhushwa na yetu ikapandishwa. Nani alihesabu siku ile ni timu gani ya ligi itaujaza? Ulipimwa kwa Taifa. Na mikoa yote baadaye ilifuata kipimo hicho hicho, kila mmoja ukitaka kuwa na uwanja wake. Yaani, tuseme kweli, na mashindano ya wakubwa yalikuwamo ndani yake. Mkuu mmoja akijenga, jirani yake hakulala.

Sasa nani alijenga? Hapa ndipo lilipo jambo lenyewe, na tunaomba mtuvumilie tukae hapa kidogo.

Mwaka 1965 nchi yetu ilifanywa kwa sheria kuwa nchi ya chama kimoja. Tarehe 5 Februari 1977 TANU na Afro-Shirazi ziliungana, ikazaliwa CCM. Katika miaka ile Chama kilikuwa ndicho kiongozi wa shughuli zote. Balozi wa nyumba kumi alikuwa mtu wa Chama, na yeye ndiye aliyegonga mlango wako kuuliza habari za mchango. Ikawa mkoa ukitaka kujenga uwanja, hapakuwa na chombo kingine chenye miguu ya kufika kila kijiji. Wananchi wakachanga fedha, wakatoa mazao, wakatoa mikono yao. Hakuna aliyeuliza kama anachanga akiwa mwanachama au akiwa mwananchi, kwa sababu maneno hayo mawili yalikuwa yakikaa kwenye kiti kimoja. Wazee mliomo humu mnayajua: mchango wa shule, mchango wa zahanati, mchango wa Mwenge, mchango wa karamu ya mgeni. Stakabadhi nyingine zilitolewa, nyingine zilisahauliwa.

Ndivyo vilivyopatikana viwanja vingi tunavyovisikia redioni. Kirumba ya Mwanza, yenye kuchukua watu maelfu mengi, inabeba hata jina la Chama. Na si Kirumba peke yake. Sokoine ya Mbeya, Majimaji ya Songea, Ali Hassan Mwinyi ya Tabora, Sheikh Amri Abeid ya Arusha, Lake Tanganyika ya Kigoma, na huu wetu wa Mandela hapa Sumbawanga, vyote vimekuwa mikononi mwa Chama. Kisha mwaka 1992 nchi ikarudi kwenye vyama vingi. Siku hiyo yale maneno mawili, mwanachama na mwananchi, yakaondoka katika kiti kimoja na kila neno likatafuta kiti chake. Viwanja vikabaki pale pale vilipokuwa vimeandikwa.

Neno hili lina miiba, na humu ndani tumo watu wa kila namna. Wako wasemao: Chama ndicho kilichoongoza, ndicho kilichohimiza, hati ni zake, na bila yeye lisingewekwa hata tofali moja. Wako wasemao: jasho lilikuwa la wote, basi mali iwe ya wote, ikabidhiwe halmashauri. Ugomvi huu umesemwa Bungeni na magazetini tangu wakati ule, wala haukuisha. Sisi hatukuja kuumaliza chini ya mti huu. Tunasema tu kwamba kosa, kama lipo, halikuwa katika kujenga. Lilikuwa katika kuandika. Watu walijua vizuri kubeba mawe, hawakujua kuuliza hati inaandikwa jina la nani.

Turudi kwenye timu. Vijana wanauliza: kwa nini basi isiwepo timu kubwa ya kuujaza?

Timu ni kitu kingine kabisa. Uwanja ukishajengwa hauli. Timu hula kila siku. Timu ya Sumbawanga ikitaka kupanda lazima ishinde ligi ya mkoa, kisha iende Ligi ya Mabingwa wa Mikoa, kisha ipande madaraja mengine mawili kabla ya kuonana na Simba na Yanga. Kila daraja ni safari. Kutoka Sumbawanga hadi Dar es Salaam ni zaidi ya kilometa 1,000, na zamani kabla ya lami ya Tunduma kwisha kutandikwa katika miaka ya 2010, safari ya kutoka hapa hadi Tunduma peke yake, kama kilometa 220 hivi, wakati wa masika ilikuwa ni kusukuma gari zaidi ya kulipanda. Timu ya mji wenye kiwanda, au ya jeshi, au ya kampuni ya migodi, ina mtu wa kulipa mafuta. Timu ya mkoa wa wakulima wa mahindi na maharage humtegemea mfanyabiashara mmoja au wawili, na mfanyabiashara akichoka au akiuziwa mahindi yake vibaya, timu inakufa mwaka huo huo.

Hata waliowahi kuwa wakubwa huanguka. Majimaji ya Songea iliwahi kuwa bingwa, nayo ilishuka Ligi Kuu mwaka 2018. Uwanja wake haukupungua hata ngazi moja siku ile iliposhuka. Pamba ya Mwanza, ambayo vijana wa zamani walitetemeka kuisikia, ilikaa nje ya Ligi Kuu zaidi ya miaka ishirini mpaka iliporudi mwaka 2024, na muda wote huo Kirumba ilikuwa pale pale, ikiwapokea Toto Africans, ikiwapokea Mbao, ikiwapokea Alliance. Timu zinapita kama wageni katika nyumba ya kulala.

Jambo hili si la Afrika peke yake, msije mkadhani ni upumbavu wetu. Huko Glasgow, katika nchi ya Uskoti, iko klabu iitwayo Queen's Park, iliyoanzishwa mwaka 1867, ya kwanza katika nchi ile. Ilikuwa ndiyo baba wa mpira wao. Mwaka 1903 ikafungua uwanja uitwao Hampden, ambao kwa miaka mingi ulikuwa mkubwa kuliko wowote duniani. Mwaka 1937, Uskoti ilipocheza na Uingereza, waliingia watu 149,415. Lakini klabu yenyewe ilikataa kulipa wachezaji mshahara. Wengine wote walianza kulipa mwaka 1893 sheria iliporuhusu, yeye akasema anacheza kwa kupenda mchezo, na akashikilia neno hilo mpaka mwaka 2019. Ikawaje? Ikashuka mpaka madaraja ya chini kabisa, ikicheza mbele ya watu mia chache katika uwanja wa watu 50,000, sauti ya kocha ikisikika mpaka jukwaa la mbali. Mwishowe uwanja ukauzwa kwa Chama cha Mpira cha Uskoti kwa pauni milioni 5, mambo yakakamilika mwaka 2020.

Lakini angalieni tofauti. Wale walikuwa na uwanja mkubwa kwa sababu timu ilikuwa kubwa kwanza, kisha ikapungua. Sisi uwanja ulikuja kwanza, timu ikasubiriwa. Na Queen's Park walipouza, fedha zilikwenda kwa klabu, kwa maana jina lililokuwa katika hati lilikuwa lao.

Sasa, je, tuseme ule uwanja wa Sumbawanga ni hasara? Sisi hatusemi hivyo, na hapa tunatofautiana na baadhi ya vijana. Tarehe 2 Agosti 2020 fainali ya Kombe la Shirikisho ilichezwa pale. Mkoa usio na timu hata moja ya Ligi Kuu ukapokea fainali ya Taifa zima: Simba na Namungo, Simba wakashinda mabao 2 kwa 1. Msimu uliofuata Tanzania Prisons ya Mbeya ilileta mechi zake za nyumbani Sumbawanga, na tarehe 22 Oktoba 2020 ikawafunga Simba hao hao bao 1 kwa 0. Siku ile baiskeli, pikipiki na malori ya mizigo yalitoka kila upande wa uwanda huu. Kama uwanja ungejengwa kwa kipimo cha timu ya mkoa, siku hizo tungezisikia redioni tu. Na ndugu zetu wa Kigoma wana kisa kama hicho hicho. Walipokea fainali ya Simba na Yanga tarehe 25 Julai 2021 bila kuwa na timu ya Ligi Kuu, na miaka miwili baadaye Mashujaa ikapanda, ikaukuta uwanja unaisubiri. Kwa hiyo kusubiri si ujinga siku zote.

Wale waliokulia Ufipa wameyaona malungu, zile tanuru ndefu za udongo za kuyeyushia chuma, nyingine zingali zimesimama mashambani. Ni refu kupita mtu. Mgeni akiliona katikati ya shamba la ulezi anauliza mkulima huyu mmoja alikuwa na haja gani na kitu kikubwa namna hii. Hajui kwamba halikuwa la mkulima yule. Lilikuwa la watu wengi waliokusanyika kwa kazi moja, na kazi ilipokwisha, watu wakatawanyika, udongo ukabaki.

Hasara iko mahali pengine. Kwanza iko katika matunzo. Jukwaa la watu maelfu linahitaji rangi, vyoo, maji, na nyasi zinazokatwa, iwe wameingia watu elfu kumi au watu arobaini. Mapato ya mchezo wa ligi ya mkoa hayatoshi kulipa mkata nyasi. Ndiyo maana mara kwa mara tumesikia Bodi ya Ligi ikifungia viwanja vya mikoani kwa ubovu wa sehemu ya kuchezea, na timu ikilazimika kuhama mkoa wake. Pili, iko katika yale tusiyoyajenga. Kwa miaka mingi nguvu ya mkoa mzima ilimwagwa katika nyumba moja mjini, na vijiji vikabaki na kiwanja cha shule chenye mteremko, goli moja liko juu, jingine liko bondeni. Wachezaji wa ile timu ya kuujaza uwanja mkubwa wangetoka wapi, kama si katika viwanja hivi vya vijiji? Mmejenga paa bila kuta, kisha mnaulizana kwa nini limelala chini.

Sasa habari za hapa nyumbani.

Yamekuja maneno matatu kwa wazee. Neno la kwanza: tukisawazishe kile kiwanja cha shule. Neno la pili: tuwaombe wenzetu wa Misheni watupe sehemu ya ardhi yao. Misheni hapa ni ya miaka mingi, na imetulelea wengi, akiwamo Kardinali Pengo aliyezaliwa hapa Mwazye mwaka 1944, wala hatuna sababu ya kuitazama kwa jicho baya. Neno la tatu ndilo lililowafurahisha wengi: ndugu yetu mmoja, mtu mwenye uwezo, amesema atatoa shamba lake bure, ataleta na trekta la kulisawazisha, sisi tutie nguvu kazi na miti ya magoli na uzio. Naye haombi kitu, ila uwanja uitwe kwa jina lake.

Tunamshukuru. Tunamshukuru kwa dhati, na tunaomba mtu asimsengenye kwa maneno tutakayosema. Lakini tumesema tangu mwanzo kwamba kosa la zamani lilikuwa katika kuandika. Yeye ni mwema leo. Watoto wake hatujui watakuwaje, na warithi wakigawana shamba hawatagawana kwa kumbukumbu za nani alichimba mashimo ya uzio. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imetupa njia. Iko ardhi ya kijiji inayowekwa kwa matumizi ya wote, Halmashauri ya Kijiji inaisimamia, na mkutano mkuu wa kijiji ndio unaoidhinisha. Ndugu yetu akikubali kuiachia ardhi hiyo kijiji, ikaandikwa katika daftari la ardhi la kijiji kwamba ni uwanja wa michezo wa wote, basi na uitwe kwa jina lake mpaka mwisho wa dunia, sisi tutaimba jina hilo. Jina la ubaoni ni heshima, wala halitunyang'anyi kitu. Jina la kwenye daftari ndilo tunalolitaka liwe la Mwazye.

Akikataa, hatugombani naye. Tutarudi kwenye neno la kwanza. Kiwanja cha shule kina mteremko, ni kweli, lakini ni cha umma tayari, na mikono inayoweza kulima matuta ya ntumba katika uwanda huu wote haiwezi kushindwa na mteremko wa kiwanja kimoja.

Tena tusijenge kikubwa. Tumeona katika rasimu ya kamati kuna jukwaa, tena la zege. La nini? Sheria za mpira zinataka urefu usiopungua meta 90 na upana usiopungua meta 45, basi. Uwanja wa Mandela tayari uko, ni wa kutwa moja kwenda na kurudi, siku ya shughuli kubwa tutaupanda. Hapa tunataka mahali ambapo watoto watacheza kila siku, na wasichana nao wawe na siku zao, si kupewa kiwanja wakati wa magharibi wavulana wakishachoka. Fedha ya zege hiyo inunue mipira, nyavu, na viatu. Uzio, ndiyo, tuuweke, kwa sababu bila uzio hakuna kiingilio, na bila kiingilio hakuna nauli ya kwenda Matai kwenye ligi ya wilaya. Na ng'ombe nao watajua mpaka wao.

Kwa michango, tunashauri kila anayetoa apewe stakabadhi, iwe ametoa shilingi, debe la mahindi au siku mbili za jembe, na siku za jembe ziandikwe kama fedha. Daftari hilo likae kwa Mtendaji wa Kijiji, nakala ikae kwa mwalimu, na lisomwe kwa sauti katika kila mkutano. Mwanachama wa chama hiki na wa chama kile, na asiye na chama, waandikwe katika ukurasa mmoja, kwa mpangilio wa siku waliyotoa.

Jumamosi asubuhi, jua likishapunguza baridi, vijana watakuja na kamba ya kupimia. Wataanza na kiwanja cha shule, kisha watapima lile shamba, ili mkutano mkuu upewe vipimo vyote viwili. Tunaomba wazee watatu wanaojua mipaka ya zamani wafuatane nao, na ndugu yetu mwenye shamba awepo mwenyewe wakati linapimwa.